Final Fantasy ya kwanza kwa wanaoanza: hicho kitufe kiacheni kwanza!

Oya wanangu wa Tanga na popote mlipo, karibuni tena chaneli. Leo tuna gemu la kizee, Final Fantasy namba moja, lile la 1987, ila hii ni ile Pixel Remaster, na sitaki kuwachosha na mambo ya picha na muziki, mnaona wenyewe hapo, imechorwa upya, imependeza, basi. Na wewe unayetaka kutoka sekunde ya kumi nakujua, waja leo waondoka leo, hebu kaa kidogo maana kuna kitu kimoja humu ndani kimenikera mpaka nimewasha kamera.

Kwanza tuelewane, wengi wetu tumekulia kwenye FIFA na San Andreas, ukishika padi unataka kubonyeza tu fasta fasta. Hapa hamna. Hapa maadui wanasimama kule, watu wako wanne huku, unampangia kila mmoja cha kufanya, huyu apige, huyu atupe uchawi, huyu ampe mwenzie dawa, ukimaliza kupanga ndo wanazichapa, nao wanakuchapa. Ukienda kununua mihogo ukirudi unawakuta wamesimama vilevile wanakusubiri wewe. Raha sana.

Haya, kitufe. Mimi nacheza kwenye Switch, angalia kidole changu, hiki kijiti cha kulia nakibonyeza kwa ndani, tiii. Umeona? Mapambano ya njiani yamezimwa. Kwenye simu na kompyuta waliiongeza baadae, unaipata kwenye mipangilio. Sasa natoka zangu mji wa Cornelia, napanda kaskazini, porini kabisa, hakuna hata goblin mmoja wa kunisumbua, natembea tu mpaka kwenye hekalu, Chaos Shrine. Huyu hapa Garland, kamteka binti wa mfalme. Namsemesha. Na bosi humzimi jamani, kitufe kinazima wale wa njiani tu! Watu wangu wote levo 1. Tazama, Garland kamchapa mganga, yule White Mage, raundi inayofuata kamrudia, kalala. Mchawi, Black Mage, kashatupa Fire zake, uchawi wa moto, zimeisha, sasa anampiga mtu mwenye deraya kwa kijifimbo. Tumekwisha.

Halafu mtu anakuja kwenye komenti, ooh gemu gumu, gemu la kizamani halieleweki. Gumu wapi na wewe hujapigana hata mara moja? Levo zinatoka kwenye yale yale mapambano uliyoyazima, na hela zinatoka humohumo, na hela ndo panga, ndo deraya, ndo uchawi mpya. Umezima kila kitu.

Sasa narudisha. Tiii. Tunazungukazunguka hapahapa nje ya Cornelia, goblin, goblin, mbwa mwitu, ukiumia unarudi mjini unalala nyumba ya wageni, unasevu, unatoka tena. Levo ya tatu, ya nne hivi, twende kwa Garland... mnaona? Hata jasho hatujatoka.

Na mnaponunua panga dukani, ingieni kwenye menyu mhakikishe mtu kalishika kweli! Kulinunua ni kitu kimoja, kulivaa kingine.

Kitu kingine, hebu ngoja kuna goblin hapa nimwoneshe mtu. Mganga ana uchawi unaitwa Dia, watu wanaununua kwa fujo, natupa... hamna kitu. Hamna! Dia ni ya wafu tu, mifupa na mizombi, mle Chaos Shrine wamejaa, huko ndo utaona raha yake. Na uchawi wa gemu hili una idadi, kila daraja lina mara zake, zikiisha mpaka ukalale. Kwahiyo usitupe Fire kwa kila mdudu.

Kuchagua timu sitaki maneno mengi, mpiganaji mbele kabisa kwa sababu wa juu ndo anapigwa zaidi, mganga lazima, mchawi au yule Red Mage anayejua kidogo kidogo kila kitu, wa nne utajua mwenyewe. Ila Thief mniache kabisa, jina mwizi na kwenye gemu hili haibi chochote, amri ya kuiba haipo, sasa mwizi gani huyo!

Mtakapopata meli mtafika mpaka Marsh Cave, hapo ndo wengi wanaachia padi. Mle ni kama mapango ya Amboni bila tochi na bila mtu wa kukuongoza, unaingia vyumba vitupu tu na sumu inakula watu wako kila hatua. Bebeni dawa ya sumu nyingi mpaka mjisikie wajinga. Na mkikutana na ule uteute wa kijani, Green Slime, upanga haumfanyi kitu, huyo ndo wa kumtupia Fire.

Na hapa sasa, sikilizeni, hapa kile kitufe nakipenda. Umeshachukua taji ulilolifuata mle pangoni, dawa zimeisha, mganga kafa, bado ngazi za kurudi juu. Tiii, zima, toka. Sina ugomvi nacho hapo. Hata ile ya kuzidisha pointi za kupanda levo mara 2 weka kama una kazi na watoto, mara 4 ndo unaharibu, unawafagia tu hujifunzi kitu.

Bei, kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, ni dola 11.99, kama elfu thelathini hivi, subirini punguzo linakujaga. Kuna mtu ataniambia Dragon Quest, gemu jingine la aina hii, ni rahisi zaidi kwa anayeanza, na kweli ile ya 1986 ukifa unafufuliwa mbele ya mfalme umekatwa nusu ya hela, levo zako zipo palepale. Ila Dragon Quest ya tatu iliyotengenezwa upya, HD-2D, ilitoka 2024 kwa dola 60, sasa hiyo mtu anaonja tu aina ya gemu anunue kweli? Labda mwenzetu una duka Barabara ya Kumi na Mbili.

Jumamosi nikijaliwa tunaingia Final Fantasy namba 4, ile ya 1991, hiyo kuna mstari wa muda unajaa huku umeduwaa na wanakupiga, sasa kabla sijaja nendeni kwenye mipangilio mtoe Active muweke Wait, muda usimame mkiwa mnachagua uchawi au dawa, msije kunilaumu. Sabskraibu, umeme wenyewe huu unachezacheza, nasevu kabla haujakati...