Laki tatu na nusu, halafu naambiwa "utazoea tu, mama"

Hilo duka la miwani liko katikati ya jiji, hapa Dar. Mimi ni fundi cherehani, na tangu nivuke miaka 40 tundu la sindano limekuwa likinikimbia. Najua si ugonjwa. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa umri unavyokwenda, inashindwa kujibadilisha umbo ili ione cha karibu, na hilo humfikia kila mtu.

Kwa hiyo laki tatu na nusu wakaniuzia miwani ya progresivu: juu unaonea mbali, chini karibu, bila ule mstari wa katikati. Nikikaa kwenye cherehani, ili niione sindano lazima niinue kidevu mpaka shingo inakaza. Ngazi nashuka kwa kupapasa.

Nikarudi. Kijana wa kaunta hakuishika hata hiyo miwani. Shikamoo hakuna, macho kwenye simu. "Utazoea tu, mama. Ni uzee huo." Mbele ya wateja wengine! Nimelipa taslimu, nimekuja na shida ya kazi yangu, najibiwa uzee!

Ni kweli progresivu zinahitaji siku za kuzoea, na pembeni huwa na ukungu hata zikitengenezwa vizuri. Hilo nalikubali. Ila mtaalamu wa kliniki ya macho niliyemwendea baadaye alinivalisha miwani ile ile, akachukua kalamu, akatia nukta kwenye kioo mbele ya mboni. Sehemu ya kuonea karibu ilikuwa imewekwa chini mno. Kumbe kipimo hicho huchukuliwa fremu ikiwa usoni, kabla lenzi hazijakatwa. Dukani hakuna aliyenipima hivyo, wala aliyeuliza nashona kwa umbali gani. Huyu alichukua futi yangu mwenyewe ya ushonaji, akapima kutoka jichoni hadi mikononi, akaniandikia miwani ya kawaida ya kusomea, nguvu ya lenzi +1.75, ya kushonea tu. Natia uzi mwenyewe sasa, simwiti mtoto.

Nilitaka kuwaambia msinunue progresivu kabisa. Nafuta. Shoga yangu mwalimu anazo, anasahihisha daftari na papo hapo anawaona wanafunzi wa viti vya nyuma. Kanunueni, lakini anayewauzia bila kuwapima fremu ikiwa usoni, tokeni.

Meneja naye anasema lenzi zikishakatwa hela hairudi. Nani alizikata bila kupima? Nilipoanza kuandika nilikuwa nawapa nyota mbili kwa sababu ya fremu, ni nzuri na imara. Naondoa moja.