Likizo Lamu bila gari: uzoefu wangu na Mama na watoto

Siku hizi nikitafuta mahali pa likizo, sianzii bei ya chumba. Naanza na hili: nikiamka asubuhi, je, chai, bahari, duka la dawa na pa kula jioni vyote naweza kuvifikia kwa miguu? Kama haiwezekani, nafuu ya chumba yote itaishia kwenye nauli. Diani ni pazuri mno, lakini hoteli zimetawanyika kando ya barabara ndefu, na kila ukihitaji kitu unasimamisha tuktuk. Unguja nako, Mji Mkongwe unatembeleka wote kwa miguu, ila ukitaka ufuo wa Nungwi inabidi upande daladala namba 116 hadi ncha ya kaskazini ya kisiwa, na asubuhi yako imekwisha. Lamu imenipa mji na ufuo pamoja, ndiyo maana naisifu.

Kufika kwenyewe hakuhitaji gari lako. Kutoka Nairobi tulipanda treni ya SGR, tukalala Mombasa, kisha tukashika basi la asubuhi linalopitia Malindi, Garsen na Witu. Weka kitambulisho karibu, maana njiani polisi wanakagua abiria. Basi linaishia Mokowe, bara, na kutoka hapo ni boti. Hata wanaokuja kwa ndege hutua kisiwa cha Manda na kuvuka vilevile. Kwa Mama, ambaye magoti yanamsumbua, mtihani wa safari nzima ulikuwa hapo kwenye ngazi za gati: maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini huwa na utelezi na boti hukaa chini sana. Baharia mmoja alimwambia, "Tulia mama, nipe mkono, usiangalie maji," akamshusha taratibu mpaka akaketi. Kama unasafiri na mzee, uliza saa za maji kujaa, mvuke wakati huo. Na dai jaketi la kuokolea maisha kabla boti haijang'oa nanga.

Upande wa pili, hamali alipakia mizigo yetu kwenye mkokoteni tukamfuata. Mji huu, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Vichochoro vingine ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena ya mawe akija, mnabana ukutani nyote mpaka apite. Watoto wangu, ambao Nairobi siwaachii mkono hata kwenda dukani, walikuwa wanatangulia mbele yetu kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, bila mimi kupiga kelele. Hilo peke yake lilinipumzisha kuliko bahari. Kupotea si tatizo: ardhi inateremkia pwani, kwa hiyo ukishuka tu utatokea majini. Mama alipochoka aliketi barazani, na mara mbili tatu wenye nyumba walimkaribisha ndani. Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, jumba la makumbusho na soko vyote viko karibu karibu. Zahanati ya punda, iliyoanza mwaka 1987, ndiyo watoto waliyotaka kuirudia kila siku.

Sasa suala la pa kulala, na hapa ndipo watu wengi huumia. Ufuo wa kuogelea hauko mjini, uko Shela, mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu kando ya maji. Nyumba moja ya wageni ya mjini ilinihakikishia kwa simu kwamba ufuo uko "hapo tu". Si hapo tu kwa mtu mwenye magoti mabovu. Zaidi ya hayo, maji yakijaa, hasa siku za bamvua mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, sehemu ya njia hufunikwa na utalazimika kupanda boti, upende usipende. Ushauri wangu: mwenye watoto wadogo na hamu ya kuogelea alale Shela, aje mjini kwa boti ya abiria. Anayependa mji, mahamri na mbaazi ya asubuhi, adhana na pilikapilika za sokoni, alale mjini. Kuna boti za kuchangia na za kukodi peke yako, na tofauti ya bei ni kubwa. Patana kabla hujapanda, na ukivuka usiku uliza mapema nani atakurudisha.

Kiti cha magurudumu kitapata shida sana Lamu, siwezi kuficha hilo: kuna vidaraja, mifereji na vizingiti virefu kila mahali. Pikipiki nazo zimeanza kuzunguka viungani mwa mji, jambo linalonisikitisha kwa dhati, kwa sababu zikiachwa ziingie vichochoroni sitaweza tena kuwaachia watoto watangulie.

Kuhusu majira, pepo za kusi zikivuma, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na hata mvuko mfupi wa kwenda Shela unaweza kukulowesha. Kaskazi bahari hutulia zaidi, lakini Desemba vyumba vya Shela hujaa na bei hupanda. Kwa mzee kama Mama, mimi ningechagua Februari.