Duka Lililopima Maji Kabla ya Kuniuzia Dawa

Duka ninaloliandikia hapa lipo Ntinda, Kampala, katika jengo moja na saluni na muuza vipuri vya pikipiki, na biashara yake ni samaki wa mapambo, matangi ya vioo, filta na dawa. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ninayo ya kulisifu na ninayo ya kulilaumu, na hayo ya lawama nimekwisha kumwambia mwenyewe ana kwa ana.

Nilifika pale mwezi wa Machi nikiwa na samaki wawili wa dhahabu wagonjwa nyumbani Najjera, na wa tatu nimekwisha kumfukia chini ya mgomba. Tangi langu la lita 80 lilikuwa na umri wa wiki tatu tu. Samaki walianza kwa kuelea juu wakitwetea hewa, kisha mapezi yao yakajibana mwilini na kutokeza michirizi myekundu, na chakula walichokuwa wakikigombania wakaanza kukipita kama hawakioni. Nilikwenda katika duka jingine, katikati ya jiji, ambako muuzaji aliniuliza swali moja tu, nina samaki wangapi, kisha akanikabidhi kichupa cha dawa ya bluu na maagizo ya matone kumi kila siku. Jioni ile maji yakawa na rangi ya wino, na silikoni ya pembe za tangi ikanyonya bluu ambayo mpaka leo haijatoka. Kesho yake asubuhi yule mkubwa alikuwa amekufa.

Kijana wa Ntinda hakunipa dawa yoyote. Aliniuliza tangi lina muda gani, maji nayatoa wapi, nayabadilisha kwa kiasi gani na filta naisafishaje. Nilipomjibu kwa fahari kwamba kila Jumamosi naikamua sponji ya filta chini ya bomba mpaka maji yatoke meupe, alitikisa kichwa polepole. Nilimwonyesha maji niliyokuwa nimeyabeba katika chupa ya soda, akayainua kwenye mwanga na kuyaweka kando. «Ssebo (yaani bwana), kipimo changu kinasomwa kwa rangi. Maji ya bluu yatanidanganya, nami nitakudanganya wewe.» Alinielekeza nibadilishe nusu ya maji siku hiyo na nusu nyingine kesho yake, akaniuzia kifuko cha mkaa maalumu wa kunyonya dawa ndani ya filta (si mkaa wa sigiri, alisisitiza, na nadhani kuna mteja aliyewahi kujaribu), kisha akaniambia nirudi siku ya tatu. Kurudi huko kulinigharimu nauli ya bodaboda na kuliniudhi, lakini ndiko kulikowaokoa wale wawili.

Siku ya tatu alitia mililita tano za maji yangu katika kichupa cha kioo, akadondosha matone manane ya dawa ya kupimia ya kwanza na manane ya pili, akakitikisa, tukangoja dakika tano. Maji salama hubaki ya manjano. Yangu yalianza kugeuka kuanzia chini, rangi ya limau, kisha rangi ya jani la mgomba, na hayo ni baada ya kubadilishwa nusu mara mbili. Ilikuwa amonia. Samaki huitoa mwilini mwake, sehemu kubwa kupitia matamvua, na katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi hasa ndani ya sponji ambao huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita hivi kujaa katika tangi jipya. Mimi nilikuwa nikiwaua kila Jumamosi, kwa kuwa maji ya bomba ya Kampala, ambayo mengi huchotwa Ziwa Viktoria na kusafishwa kwenye mitambo ya Ggaba, hutiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini haichagui kati ya kijidudu cha kipindupindu na mfanyakazi wa filta yangu. Waliosalia walimalizwa na ile dawa ya bluu. Kwa maneno mengine, samaki wangu hawakuwa na ugonjwa wa kutibiwa kwa dawa. Walikuwa wakikaa katika mkojo wao wenyewe.

Tiba aliyoniandikia kwenye kipande cha boksi ilikuwa hii: kubadilisha robo ya maji kila siku kwa siku kumi, kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini au yaliyolala katika beseni wazi siku moja au mbili, kupunguza chakula hadi chembe chache kwa siku, kuisuuza sponji ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba, na chumvi gramu moja kwa kila lita, ambayo huzuia naitraiti isipenye kwa urahisi kwenye matamvua. Nilimuuliza kama chumvi ya Katwe, ziwa la chumvi la magharibi mwa Uganda, ingefaa, kwa kuwa mke wangu anayo jikoni. Alikataa, kwa sababu chumvi ya ziwa lile imechanganyika na magadi, ambayo hupandisha alkali, kinyume cha asidi, katika maji, na maji yakielekea huko amonia ile ile huwa kali zaidi. Jibu hilo peke yake lilistahili nauli yangu.

Wiki ya pili samaki mmoja alitokwa na vidoa vyeupe kama chembe za sukari na kuanza kujisugua kwenye mawe. Huo sasa ulikuwa ugonjwa kweli, kimelea anayejificha chini ya ngozi ambako dawa haimfikii, kisha huanguka, hujigawa chini ya tangi na kutoa watoto mamia wanaoogelea kumtafuta samaki. Hao wanaoogelea ndio wanaouawa. Tulipandisha chumvi hadi gramu tatu kwa lita, kwa mafungu, ikiyeyushwa kwanza katika jagi, na nikaonywa nisiache tiba siku vidoa vitakapotoweka, kwa kuwa kutoweka huko kwaweza kuwa ni kuanguka tu. Niliendelea siku kumi zaidi. Vidoa havikurudi.

Sasa lawama. Dirishani mwa duka hilo hilo kuna mabakuli ya duara, kila moja na samaki wa dhahabu ndani, ingawa kijana anajua kuliko mimi kwamba samaki huyo aweza kufika sentimita 20 na kwamba bakuli halina nafasi ya filta. Nilipomuuliza alijibu kwamba mabakuli ndiyo yanayolipa kodi ya pango. Chumvi huuzwa katika kaveera, mfuko wa plastiki, isiyo na maandishi wala uzito, risiti mpaka uidai, na simu Jumapili haipokewi, siku ambayo wengi wetu ndipo tunapokaa na kuwatazama samaki wetu. Pampu ya hewa ya betri niliyoinunua pale kwa ajili ya saa za kukatika umeme inafanya kazi, ila inaunguruma kama boda iliyoishiwa oili, na familia nzima hujua umeme umekatika hata wakiwa usingizini.

Mwezi wa Mei nilirudi kununua samaki wa tatu. Kijana aliomba chupa ya maji kwanza, akapima, akaona amonia imekwisha lakini naitraiti bado inaonyesha rangi ya waridi hafifu. Aligoma kuniuzia. Alisema nirudi baada ya wiki mbili, na nikija nije na ndoo ya pili, kwa kuwa samaki mgeni atakaa peke yake kwanza. Niliondoka na sponji ya akiba na chupa yangu tupu ya soda.