RAM ya dizaina: 8GB, 16GB na 32GB kwenye mashine moja

Bango la sendofu la mita 3 kwa 2 ndilo lililonifanya nianze kuhesabu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi iliyofunguliwa. Mwenye shughuli alilitaka kesho yake asubuhi. Saa nne usiku bado niko mezani, na kila nikisogeza picha ya bibi harusi mtarajiwa kidogo tu, mashine inaganda, feni inavuma, kiduara kinazunguka. Nilihesabu mpaka arobaini ndipo picha ikasogea.

Mashine yenyewe ni kompyuta mpakato, ThinkPad T480 ya mtumba, niliinunua 2021 ikiwa na 8GB. Kazi zangu nyingi ni za kuchapisha: kadi za michango, kadi za harusi, lebo za bidhaa, fulana za vikundi, mabango. Tangu hapo nimeitumia mashine hiyohiyo ikiwa na 8GB, baadaye 16GB, na sasa 32GB. Prosesa haijabadilika, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) haijabadilika, ni RAM tu. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaokuambia "weka 32 utanishukuru" walibadilisha kompyuta nzima, halafu sifa zote wakaipa RAM.

Turudi kwenye bango. Kijana wa mahali ninapochapisha alinitaka nitumie nukta 300 kwa inchi, nami nikatii bila kuuliza. Mita 3 kwa nukta 300 ni pikseli 35,433 upana, na mita 2 ni pikseli 23,622. Kwenye rangi za CMYK, zile nne za wino wa kuchapishia, kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo leya moja (tabaka moja la picha) iliyojaa bango zima inapita GB 3. Mimi nilikuwa na leya tatu za namna hiyo, achilia mbali maandishi na maua. Hata kuhifadhi kulikuwa kazi, maana faili la PSD, lile la kawaida la Photoshop, halipokei zaidi ya pikseli 30,000 kwa upande mmoja; ikabidi nihamie PSB, la kazi kubwa.

Chini kabisa ya dirisha la Photoshop kuna kimshale kidogo. Kibonyeze, chagua Efficiency, utaona asilimia. Ikisoma 100, kazi yako yote inaenea ndani ya RAM. Ikishuka, programu imeanza kuazima nafasi kwenye diski, na diski hata iwe SSD nzuri namna gani haifui dafu kwa RAM. Usiku ule yangu ilisoma 41.

Saa hizo hakuna duka lililo wazi. Nikashusha faili hadi nukta 100 kwa inchi. Bango la ukumbini linakaa nyuma ya meza kuu, wageni wako mita kadhaa mbele yake, hakuna anayekwenda kuligusa na pua. Leya iliyokuwa inapita GB 3 ikawa MB 355 hivi, moja ya tisa ya mwanzo. Saa saba kasoro nilikuwa nimemaliza. Siku ya shughuli nilikwenda ukumbini kuliangalia kwa makusudi, nikalisogelea, na halikuwa na ukungu wowote. Kwa hiyo kabla hujatoa hela dukani, fungua faili linalokutesa uangalie nukta zake.

Je, 8GB inafaa? Kwa nembo kwenye Illustrator, programu ya Adobe ya kuchorea, na kadi moja moja, inafaa. Kadi ya A5 kwa nukta 300, leya yake moja haifiki MB 20. Tatizo ni kwamba hakuna dizaina anayefungua kitu kimoja. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, kwa hiyo imefunguliwa kwenye kompyuta. Kivinjari kina madirisha kumi ya fonti na mifano. Kwenye mashine kama yangu, isiyo na kadi ya picha ya peke yake, hata kinachoonekana kwenye kioo kinachota RAM hiyohiyo. Kabla Photoshop haijafunguka, nusu ya 8GB imeshakwenda. Adobe wenyewe wanaitaja 8GB kuwa kima cha chini na kushauri 16 au zaidi. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Mwaka 2022 nikaenda Kariakoo kuongeza 8GB nyingine. Nilikuwa nimeshaangalia kwenye Task Manager ya Windows, sehemu ya Memory, ikaniandikia kwamba sloti moja (tundu la kuchomekea RAM) kati ya mbili ndiyo inayotumika. Fundi alianza kwa kuzima betri ya ndani kupitia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, maana T480 ina betri mbili na ile ya nje ukiichomoa ya ndani bado inapeleka umeme. Akafungua mfuniko, akaichomeka RAM ikiwa imelala upande, kisha akaikandamiza taratibu mpaka vishikio vya pembeni vikalia "ta". Dakika kumi na tano. "Dada, ungeweka 32 moja kwa moja usije ukarudi," aliniambia. Sikumsikiliza na sijutii. Nililipa shilingi 55,000, na kwa kazi za kuchapisha hakuna pesa niliyowahi kuitoa ikanipumzisha kiasi kile. Mabango ya nukta 100, WhatsApp wazi, Illustrator wazi, na kile kipimo kinasimama kwenye 100 karibu muda wote.

Kilichonirudisha kwa fundi 2024 ni kadi za video. Wateja walianza kutaka kadi inayocheza, majina yanatokea taratibu, maua yanadondoka. Hiyo ni After Effects, programu ya Adobe ya michoro inayosogea, na wakati huo ilikuwa inatunza kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ndani ya RAM ili uweze kuicheza. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ni karibu MB 8. Sekunde moja ina fremu 30. Sekunde kumi zinapita GB 2, na kadi ya nusu dakika inakaribia GB 7, kabla hujahesabu programu yenyewe na Windows. Kwa 16GB nilikuwa nacheza nusu ya kadi halafu inakata. Niliishi hivyo miezi kadhaa kwa kushusha ubora wa onyesho kuwa Half, ambao unatumia robo ya kumbukumbu, lakini mteja akikaa pembeni yako anataka kuona kitu kizima.

Nikanunua 16GB mbili kwenye duka ambalo sitalitaja. Wiki ya kwanza faili mbili ziliharibika na mashine ikajizima mara tatu. Nikatengeneza flashi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, nikaiwasha usiku, na asubuhi kioo kilikuwa kimejaa mistari myekundu ya makosa. Nikaijaribu RAM moja moja: mbovu ilikuwa moja tu. Walinibadilishia baada ya mabishano marefu, na kilichonisaidia ni risiti. RAM ya mtumba au mpya, ipime usiku wa kwanza, kabla ya kuikabidhi kazi ya mtu.

Sasa 32GB naionaje? Kwenye video naiona kila siku. Kadi nzima inacheza toka mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kadi za karatasi, lebo na mabango, kwa kweli sioni tofauti na 16. Anayechapisha tu akiniuliza, namwambia 16 na hela inayobaki anunue kioo chenye rangi za kuaminika. Tena mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda dunia nzima, chipu nyingi zikielekezwa kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo usinunue za kukaa bure.

Jambo moja tu la kukaza unaponunua mashine: uliza kama RAM inabadilishika. T480 ina sloti mbili, lakini ndugu yake T480s ina sloti moja, nyingine imegandishwa kwenye bodi. MacBook za chipu za M1 na kuendelea huongezi kitu baadaye. Apple waliacha kuuza MacBook Air mpya za 8GB mwishoni mwa 2024, lakini za mtumba zimejaa sokoni. Na usibebe RAM ya DDR3, kizazi cha zamani, kwa mashine ya DDR4, pengo lake halikai mahali pamoja, haiingii.

Zile 8GB mbili nilizotoa, moja iko kwenye droo. Nyingine nilimpa kijana anayejifunza kwangu, mashine yake ilikuwa na 4GB na sloti moja tupu. Wiki iliyopita alimaliza lebo ya asali peke yake, na kile kipimo chini ya dirisha kilisoma 100.