Mabaki ya leso, Mtaa wa Biashara: vikaragosi kwa bei ya maandazi

Nafundisha chekechea Likoni, na pesa zetu ni za kuhesabu. Vitambaa vya vikaragosi vya soksi nanunua kwa fundi mmoja Mtaa wa Biashara, Mombasa: furushi la mabaki ya leso, shilingi 50. Kwa pindo zile wapata vilemba na kanzu za vikaragosi, hata mkia wa paka! Pamba yashika vizuri ukiibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Satini usichukue, yateleza. Vifungo vya macho vya fundi huyo ni ghali, na watoto wa miaka 3 wataka kuvimeza tu. Macho wachore kwa kalamu. Ijumaa mchana fundi hufunga. Mwambie ni za watoto wa shule, atakuongezea konzi moja ya vitambaa.