Macho kulia, pua kushoto

Niandike sasa hivi kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwaonea huruma.

Kuna tamthilia mpya ya siasa za Uingereza kwenye moja ya hizi apu za kuangalia filamu kwa kulipia mwezi mwezi. Jina silitaji, siwezi kuwapigia debe bure watu waliokwisha kula hela yangu. Walioiona wameshaijua: Waziri Mkuu mwanamke, chama chake kinamkimbia usiku kucha, kila mtu ana simu mbili na hakuna anayekula chakula. Tangazo lake lilikuwa linanifuata kila nikishika simu, na chini yake wameandika kwa mbwembwe: "Sasa kwa Kiswahili!"

Hilo neno la mwisho ndilo lililonichomoa pesa. Mimi Kiingereza cha kuungaunga ninacho. Nililipia kwa ajili ya mama.

Mama yangu, hapa Tanga, ni mtu wa Bunge. Wenzake wana tamthilia zao za Kituruki, yeye alikuwa na Maswali kwa Waziri Mkuu, kila Alhamisi, na usimpigie simu saa hizo. Februari 2008, Dk. Mwakyembe alipowasilisha ripoti ya kamati teule kuhusu Richmond, ile kampuni ya umeme, halafu Waziri Mkuu Lowassa akasimama kusema amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, wali uliungua nyumbani kwetu na tukaula hivyo hivyo, hakuna aliyethubutu kulalamika. Kisha Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, gharama ni kubwa. Mama hajasamehe mpaka leo. Kwa hiyo nilipoona drama ya Bunge, tena kwa Kiswahili, nikasema nimempata bibi kizee wangu.

Nikalipia kwa simu. Nikanunua na bando la wiki, maana apu hii inakunywa bando kama lori la mchanga linavyokunywa dizeli. Nikaunga waya kwenye TV. Shangazi akaja na kashata, watoto wa dada yangu wakakaa chini, taa ikazimwa.

Tukio la kwanza: Bunge limechafuka, watu wanazomeana, Spika anasimama anapiga kelele kuwatuliza. Maandishi ya chini yakatokea: "Agizo! Agizo!"

Shangazi akasema, "Anaagiza nini, chipsi?"

Tukacheka. Nikadhani ni bahati mbaya ya mwanzo. Dakika mbili baadaye Waziri Mkuu anaingia ofisini amevimba, anamwambia msaidizi wake: "Nitapanga upya kabati langu kabla ya asubuhi." Mama akanigeukia. "Nchi inamfia, yeye anapanga nguo?" Nikaeleza kwamba wamekusudia Baraza la Mawaziri. Akasema, "Sasa si wangeandika hivyo?" Sikuwa na jibu. Akatokea Waziri wa Afya, maandishi yakamwita mchungaji wa afya, shangazi akataka kujua ni wa kanisa gani. Chama kikawa sherehe. "Sherehe yangu imenigeuka," analia mama wa watu, machozi yanamtoka kwelikweli, yule dada anaigiza jamani, na sisi tumeshika mbavu. Muswada ukawa bili. Na yule mzee mwembamba anayezunguka korido akiwatisha wabunge wapige kura na chama, ambaye kwetu ni mnadhimu na Wakenya humwita kiranja, akaitwa Mjeledi Mkuu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama jina la mpiganaji mieleka.

Nikiri kitu kimoja. Hata kwa maandishi hayo ya ovyo, mama alikuwa anaelewa picha kuliko mimi. Alipoona wabunge wamejazana mlangoni na kwenye ngazi aliniuliza kama wale nao ni wabunge. Nikamwambia ndiyo, wako 650 na viti vilivyomo ni 427 tu, wakija wote wengine wanasimama. "Kama daladala," akasema, akaridhika kabisa. Nadhani ndipo alipoanza kuwapenda.

Sasa nije kwenye kilichoniua. Kipindi cha tatu, mwishoni, ndiyo kura yenyewe. Hoja ya kutokuwa na imani na serikali, ambayo wao waliiandika "mwendo wa kukosa kujiamini", haya, hiyo nayo tuiache. Wale watu hupiga kura kwa miguu: wanatoka ukumbini, wanapita kwenye korido mbili, wanahesabiwa, halafu wahesabu kura wanne wanakuja kusimama mbele ya Spika na kumsomea idadi. Muziki umekatika. Mama ameshika leso mdomoni. Mtoto mdogo anataka kwenda chooni, ameambiwa asubiri. Spika anafungua mdomo, na chini panaandikwa:

"Macho kulia, 319. Pua kushoto, 318."

Basi.

Nimekaa na hilo jambo wiki kama mbili sasa na bado linanikereketa. Baadaye nikaelewa kilichotokea. Wanaoafiki, katika Bunge lile, wanaitwa kwa neno la kale linalosikika sawasawa na macho kwa Kiingereza, na wasioafiki wanasikika kama pua. Mashine imesikiliza, mashine imeandika, na hakuna binadamu hata mmoja aliyekaa kuangalia. Kwetu mtoto wa darasa la tano aliyewahi kupita karibu na redio anajua: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo. Imekwisha.

Mama akauliza, "Sasa ameanguka au hajaanguka?"

Na mimi, kwa kiherehere, nikajibu hajaanguka. Nilijumlisha haraka kwamba macho ni wa kwake na wamezidi kwa mmoja. Nyumba nzima ikapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele. Tukio linalofuata: mama wa watu anafungasha vitabu kwenye maboksi, walinzi wanamwangalia kwa huruma. Hoja ilikuwa ya kumwangusha, kwa hiyo walioafiki ndio waliomwangusha. Mama hakusema kitu. Aliniangalia tu, jicho lile lile la siku ya wali.

Kuna watakaosema kura moja ni chumvi ya waandishi. Si chumvi. Machi 1979 serikali ya Waziri Mkuu Callaghan ilianguka vivyo hivyo, 311 kwa 310, Mei wakaenda kwenye uchaguzi, akaingia Thatcher. Na mbunge mmoja wa chama chake alikuwa mgonjwa nyumbani, hakuletwa. Mambo kama haya ndiyo unatamani mama yako ayapate akiwa amekaa kwenye mkeka wake, akila kashata. Akapewa pua.

Asubuhi nikawaandikia huduma kwa wateja. Roboti likanishauri nizime simu niwashe. Nikazima, nikawasha, pua bado iko kushoto. Nikazungushwa siku mbili tatu mpaka nikapata namba ya kupiga, akapokea kijana, sauti ya usingizi. Nikamweleza kwa adabu zote, salamu kwanza. Akaniuliza, "Kaka, kwani wewe Kiingereza hujui?"

Nikamwambia anayeangalia ni mama.

"Basi mwekee za Kihindi, zile zimetafsiriwa vizuri. Hizi za siasa wanaangalia watu wanaojua Kiingereza. Kiswahili tumeweka tu."

Tumeweka tu!

Sijui kama aliona uzito wa alichokisema. Kabati ningelisamehe. Mjeledi nimeshausamehe, hata nimeuzoea. Ila "tumeweka tu" haitoki kichwani. Kwenye tangazo Kiswahili kimeandikwa kwa herufi kubwa ili nitoe hela, na nikishatoa naambiwa kimewekwa tu, kama maua ya plastiki kwenye meza ya mapokezi. Maneno yapo! BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957. Mawaziri wakuu wa Uingereza wameingia na kutoka, na wote wametangazwa kwetu kwa lugha iliyonyooka, wala hakuna aliyewahi kupanga kabati. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Dodoma wanabishana kwa Kiswahili kila kikao, Nairobi mbunge anaruhusiwa kukisema bungeni tangu enzi za Mzee Kenyatta, 1974. Na kama wanataka ufundi zaidi, marehemu Lufufu alikuwa na maikrofoni tu, akatafsiria nchi nzima filamu za mapigano, na hakuna aliyetoka bandani hajui steringi ni nani. Aliongeza chumvi, ndiyo, tena nyingi. Lakini alikuwa anaangalia filamu! Alijua nani amekufa!

Nikamwambia yule kijana arudishe hela yangu. Akasema mwezi ukishaanza haurudi. Akanitakia siku njema, kisha ikaingia meseji niwape nyota. Nikawapa moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haikuwepo.

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, na ningekuwa nimeandika jambo lililonyooka. Tatizo ni mama.

Niliporudi kumwambia kwamba nafuta ile apu, nilikuta wamekaa watu saba. Majirani wawili, fundi cherehani wa pale kona, na wale watoto. Wanaangalia kipindi cha nne. Kuna mbunge amekasirika, ananyakua ile siwa, alama ya mamlaka ya Bunge, iliyolazwa mbele ya Spika na kuinyanyua juu. Maandishi yameiita rungu. Na hapo nilikuwa tayari kulipuka tena, maana siwa si rungu, siwa ni neno la heshima la pwani hii, nenda makumbusho ya Lamu uone ile ya Pate ya pembe za ndovu. Kabla sijafungua mdomo mama akawa anawafafanulia wenzake, taratibu: "Hawa wanaandika rungu, lakini ile ni siwa. Akiigusa yeyote asiyehusika, kikao kimeharibika. Ngojeni." Na kweli kikaharibika. Sikuwahi kumwambia kwamba mwaka 1976 mbunge aitwaye Heseltine aliinyakua ya kweli mle mle. Alifikia hapo mwenyewe.

Wanayo sasa kamusi yao. Kabati limeanguka, maana yake mawaziri wamejiuzulu. Fundi cherehani anawaita wapinzani "sherehe ya pili". Jana mtoto alikataa kuoga, bibi yake akamwambia asubiri Mjeledi Mkuu, na akaoga. Wanacheka mpaka kwenye sehemu za huzuni, na bado wanajua hadithi yote kuliko mimi ninayejifanya kusikia Kiingereza. Nilijaribu kukaa pembeni nikawa natafsiri kwa mdomo, kila sentensi, kwa usahihi. Mama alinivumilia kama robo saa. "Mwanangu," akasema, "unatafsiri kama taarifa ya habari. Tuachie ya mashine."

Kwa hiyo nyota ngapi? Yule dada mwigizaji apewe tano. Hadithi nne. Kiswahili chao sifuri, na yule kijana wa simu namtafutia namba chini ya sifuri. Ukijumlisha ukagawanya unapata mbili na kitu, ila juzi usiku waliponikata hela ya mwezi mwingine sikulalamika, na hilo nalo linaniudhi. Kama nyumbani kwako kuna mtu asiyejua Kiingereza na hana mama yangu wa kumfafanulia, usilipie. Kama yupo, sijui, labda lipia.

Leo jioni ni kipindi cha mwisho. Nimeagizwa nije na bando, nije na maandazi ya watu tisa, na nikifika nikae kimya.