HC-12 kwa tangi la maji: nilishusha spidi, usikivu ukapanda

Natumia jozi ya HC-12, moduli ndogo za redio, kupeleka kipimo cha maji kutoka tangi lililoko kilimani hadi chumba cha pampu kisimani. Katikati kuna migomba, nyumba kadhaa na kibonde. Kwa mtu anayecheza na Arduino (bodi ndogo ya kompyuta), moduli hizi hazina usumbufu: unachoandika kwenye siriali (njia ya waya ya kupitishia data) upande huu kinatokea upande ule. Ila ukiziwasha kama zilivyotoka kwenye pakiti, unaacha uwezo wake mwingi mezani.

Usitafute amri ya kuongeza usikivu, yaani uwezo wa kipokezi kunasa mawimbi dhaifu, haipo. Usikivu unafuata spidi. Kwenye modi ya FU3, ambayo ndiyo ya kiwandani, mwongozo unasema siriali ikiwa 115200 (biti kwa sekunde) kipokezi kinasikia hadi -100 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikishuka zaidi chini ya sifuri, kinasikia dhaifu zaidi), 9600 ni -112, na 2400 ni -117. Mwongozo huohuo unakumbusha kwamba kila ukipoteza desibeli 6, umbali unakatika nusu. Kushuka kutoka 9600 hadi 2400 kunakupa desibeli 5. Nguvu ya kutuma nayo inapanda kwa ngazi za desibeli 3, lakini kutoka kiwandani tayari imewekwa P8, yaani 20 dBm, na juu ya hapo hakuna ngazi nyingine. Kwa hiyo ukitaka kufika mbali zaidi, punguza spidi. Mimi natuma namba moja fupi kila baada ya dakika, sasa 115200 ya nini?

Kupanga ni dakika chache. Unaunganisha pini ya SET na GND (waya hasi), unaandika amri ya AT, inajibu OK. Kisha AT+B2400, halafu AT+RX ili ikusomee mistari yote: spidi, chaneli, nguvu na modi. Ukiachia SET mipangilio inaanza kazi. Chaneli, modi na spidi vifanane pande zote mbili. Nguvu inaweza kutofautiana bila shida.

Wengi wanaotumia betri hukimbilia FU2 kwa sababu ikitulia inakula mikroampia 80 tu, wakati FU3 inakula miliampia 16. Ni kweli, na siriali yake haizidi 4800, kwa hiyo unaweza kudhani usikivu wake ni mzuri. Hapana. Hewani FU2 inarusha kwa biti 250,000 kwa sekunde bila kujali umeweka siriali ngapi, na umbali unakuwa mfupi. Chumba kwa chumba sawa, kilimani hapana.

Kilichoniudhi ni moduli ya tatu, niliyoagiza kwa muuzaji mwingine mtandaoni ili niwe na ya akiba. Kwa macho ni ileile, hata amri za AT inazijibu. Kwa 38400 ilizungumza na wenzake vizuri. Kwa 2400, kimya, hata zikiwa meza moja. Nilipoitazama kwa kipokezi cha SDR cha USB (redio inayoendeshwa na kompyuta) nikaona masafa yake yamekaa pembeni kidogo ya zile mbili. Spidi ikiwa kubwa, dirisha la kusikiliza ni pana na kosa hilo linamezwa. Spidi ikishuka dirisha linabana, na aliye pembeni anabaki nje. Yaani usikivu ule ule unaoutafuta ndio unaoumbua kristali (kijenzi kinachopanga masafa) ya bei rahisi. Muuzaji alisema moduli ni nzima kwa kuwa inajibu OK. Ukinunua, chukua jozi kutoka fungu moja, na uijaribu kwa 2400, siyo 9600.

Kuhusu chaneli: zipo 100, zikianzia 433.4 MHz na kuachana kwa kHz 400. Bendi ya ISM (isiyohitaji leseni) kwa ukanda wetu inaishia 434.79, maana yake ni chaneli 001 hadi 004 tu zilizo ndani. Menyu inakuruhusu kwenda hadi 100, lakini huko juu kuna watu wenye leseni zao. Nimebaki 003.

Antena ya springi iliyokuja nayo niliibandua upande wa kisimani nikalehemu waya ulionyooka wa sentimita 17, robo ya wimbi kwa masafa haya, ukasimama wima nje ya boksi la plastiki. Hapo ujumbe uliokuwa ukipotea wakati wa mvua ukaanza kufika.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu huwezi kujua kama umepewa halisi au feki mpaka uijaribu kwa 2400.